Hodi Isiyo na Mlango

Mwanangu Jaifar alinipigia simu Ijumaa asubuhi, nimo jikoni kwangu Darsait, hapa Maskati, nachoma mikate ya ufuta.

"Mama, vaa sweta. Theluji imeanguka Jabal Shams. Twende tukaione kabla haijayayuka, jioni tumesharudi."

"Baba, barafu hata frijini kwangu imo."

Akacheka. Watoto wa siku hizi ukiwaambia neno hucheka tu.

Akanipitia na mkewe Rawya, na mjukuu wangu Aseel, ambaye ndo kwanza ameanza skuli. Mie na Aseel tukakaa nyuma. Kiti cha katikati kikabaki kitupu, kikapu cha mikate tumekiweka miguuni.

Mlimani tukakuta Maskati nzima imehamia huko. Gari nyuma ya gari, honi, changarawe, ukungu. Tukakaa, tukakaa, mpaka magoti yakafa ganzi. Tulipofika, hiyo theluji yenyewe viraka viraka, imekanyagwa imekuwa tope, kama uji uliomwagika. Jaifar masikio yakamwiva kwa hasira.

"Safari yote ile, kwa hii?"

Akateremka na simu yake, kutafuta mahali pasipokanyagwa apige picha. Ukungu ukamla. Watu tuliokuwa tukiwaona sasa hivi nao wakapotea, na honi zikanyamaza.

Hapo kioo cha upande wangu kikagongwa. Taratibu.

"Hodi, wenyewe."

Sauti ya mwanamke. Kiswahili cha kwetu hasa, cha Unguja mjini. Nikatazama nje. Hapana mtu.

Nikamsikia marehemu bibi yangu, kama yumo garini, alivyokuwa akitukanya: "Hodi isiyo na mlango haijibiwi, hata ikiwa sauti ya mamako." Nikamshika Rawya bega.

"Nyamaza," nikamnong'oneza.

"Hodi, jamani. Baridi."

Sasa Rawya kalelewa vizuri. Kwao mtu kupiga hodi mara ya pili hajajibiwa ni aibu ya nyumba nzima. Na alidhani ni jamaa yetu. Huko juu wenyeji ni Waarabu wa mlimani, nani atasema Kiswahili ila mmoja wetu, sie tuliotoka Unguja? Neno likamtoka.

"Karibu."

Mlango haukufunguka. Lakini kile kiti cha katikati kilididimia.

Jaifar akarudi amenuna, picha hakupata. Nyuma wanampigia honi aondoke. Nikamwambia, "Mwanangu, ngoja. Tumepakia mtu. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, huagwa palepale alipopandia."

"Mama, hizo hadithi zenu za Unguja, leo sina nafasi nazo. Khalas!"

Akatia gea. Tulipoteremka kidogo, askari aliyekuwa akipanga magari akainama dirishani, akasema kwa Kiarabu, "Mwambie mama aliyekaa katikati afunge mkanda."

Jaifar akageuka. Akanitazama mie, akamtazama Aseel.

"Rudi nyuma, baba," nikasema. "Kwa ajili ya mtoto. Nakuomba."

"Nirudi kwenye foleni ile? Ukungu huu, askari mwenyewe anaona nini?"

Lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Aseel alikuwa amelala. Kichwa alikiegemeza upande wangu, ila hakikunifikia. Kilikaa hewani.

Tulipofika kwao Mabela nikateremka mbele yao, nikasimama mlangoni, nikatanua mikono.

"Hapana anayeingia mpaka nisome, nimuage mgeni wetu."

Jirani anatuchungulia kwa juu ya ukuta. Jaifar amechoka, ana njaa, amembeba mtoto.

"Mama, unatutia aibu! Nipishe! Ingieni, ingieni nyote, tukalale!"

Kwa kinywa chake mwenyewe. Mwenye nyumba. Ubaridi ukanipita chini ya kwapa, ukaingia ndani.

Tangu hapo Aseel huamka nywele zimesukwa. Asubuhi ya kwanza mstari mmoja. Ya pili ukaongezeka mwengine. Ni twende kilioni, msuko wetu wa utotoni. Rawya hata kuuanza hajui, na mie vidole vimekakamaa siku nyingi. Tukiufumua, nywele mbichi, za baridi, zinauma mikono. Kesho yake yote imerudi, na mmoja zaidi. Jaifar anatugombeza, ati wanawake tunachezea kichwa cha mtoto. Tukimwuliza Aseel mwenyewe, huweka kidole mdomoni.

"Semeni polepole, Bibi. Amelala."

Nimehamia kwao. Nnalala na mtoto, nimemkumbatia, nasoma mpaka ulimi unakauka, kwani mtoto akishasukwa kichwa kizima huwa tayari kuondoka.

Leo adhana ya alfajiri imeniamsha, nikapapasa kichwa chake. Kimebaki kishungi kidogo tu kisichosukwa, juu ya sikio la kushoto. Na ndani ya kishungi kile, chanuo la mti ambalo si letu, limetota maji. Limechomekwa hapo hapo, kama la msusi aliyenyanyuka mara moja, na anarudi.