Karata Mbili za Masalu

Karata za Masalu zilikuwa zimelowa. Swaumu aliligundua hilo siku ya kumi na tisa ya msiba, alipokuwa akikusanya pakiti baada ya mchezo. Nyingine zote zilikuwa kavu. Mvua haikuwa imenyesha machimboni kwa wiki tano, na Masalu mwenyewe alikuwa amekufa.

Alifukiwa ndani ya shimo waliloliita duara namba nne, mita sitini chini, na mwili haukupatikana. Wenzake wawili, Akida na Maganga, walikubaliana kuendelea kumgawia karata mpaka arobaini yake ipite, ili bahati yake isilihame shimo lao jipya. Walicheza poka kila siku saa saba mchana, jua la utosi, chini ya turubai la karasha, wakati mashine hiyo ya kusaga mawe imezimwa ipoe. Kila mmoja alipewa karata mbili, na nyingine tano zilifunuliwa mezani moja moja kwa ajili ya wote. Hawakuwekeana fedha. Waliwekeana viroba vya mawe ya dhahabu, maana ndivyo walivyolipwa.

Swaumu, dada yake Akida, ndiye aliyeandikisha viroba hapo karasha. Alikuwa na shahada ya takwimu na hakuwa amepata kazi nyingine. Alimfundisha mdogo wake kupima kabla ya kulipa. Mezani pana viroba kumi, nawe unatakiwa utoe viwili ili uendelee: unatoa viwili kugombea kumi na viwili, kwa hiyo inatosha ukishinda mara moja katika sita. Una kopa nne, unasubiri ya tano ili ushinde kwa rangi moja, na imebaki karata moja tu kufunuliwa. Usizoziona ni arobaini na sita, na kopa kati yake ni tisa. Hiyo ni karibu mara moja katika tano. Lipa. Mezani pangekuwa na sita tu, ungetupa karata.

Maganga, Msukuma asiyeishiwa mzaha, aliuliza kama karata za marehemu zitolewe kwenye hesabu hiyo.

"Karata usiyoiona ni karata usiyoiona," Swaumu alijibu. "Iwe kwenye pakiti, iwe mbele ya marehemu, hesabu haibadiliki."

Jibu lilikuwa sahihi. Kwenye mtihani angepata alama zote.

"Basi marehemu hana hasara, mayu," Maganga akacheka, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mgawie."

Tangu siku ile ya kumi na tisa, Swaumu alianza kuandika kila mkono uliochezwa. Kufikia siku ya thelathini na tisa, Akida alikuwa amesubiri karata ya tano mara thelathini na moja, na kila mara alilipa pale tu hesabu iliporuhusu. Ilipaswa imjie kama mara sita. Haikumjia hata mara moja. Swaumu alikokotoa mara tatu: uwezekano wa jambo kama hilo haukufika moja katika mia nane. Akida alikuwa amepoteza viroba ishirini na saba, na Maganga, aliyevipata, hakuwa na sababu ya kulalamika.

Mchana huo wanaume walipokwenda kunawa, Swaumu alinusa baruti na udongo mbichi, harufu ya shimoni, pale juani ambapo hata vumbi lilikuwa limechoka. Akasikia matone yakidondoka kwenye ubao mbele ya nafasi ya Masalu. Akazishika zile karata mbili. Zilikuwa nzito. Alizibandua kwa kucha, moja, nyingine, nyingine tena, tope jekundu likimchuruzika hadi kiwikoni, mpaka kopa zikawa tisa, zote alizokuwa akizisubiri Akida, na alipoinua macho kuelekea duara namba nne, lililofungwa kwa magogo, alisikia kutoka chini kabisa mtalimbo ukigonga mwamba, polepole, kama mtu aliyepewa zamu.

Asubuhi ya arobaini alipanda basi la kwanza kwenda Kahama, kwa Mzee Abdulshakur wa Nyasubi, aliyejulikana kwa visomo. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Marehemu yuko kwa Mola wake," alisema. "Huyo ni jini. Alikuta nafasi tupu na watu wanamkaribisha. Nani alisema hakuna kinachobadilika?"

"Mimi," Swaumu alisema.

"Leo akiweka kitu, msimlipe. Tupeni karata, mwondoke."

Alirudi saa nane. Mchezo ulikuwa umeshaanza. Mbele ya nafasi ya Masalu palikuwa na viroba arobaini vinavyovuja maji mekundu, na juu yake kofia ngumu ya Masalu, taa yake ikiwaka mchana kweupe. Maganga alikuwa amejibanza kwenye nguzo.

"Ili niendelee anataka niweke zamu moja ya kushuka namba nne," Akida alisema kwa sauti ya chini. "Moja kwa arobaini, dada. Nina kopa nne."

"Tupa. Kopa zote anazo yeye."

"Umeziona?"

"Jana niliziona."

"Za leo hujaziona. Karata usiyoiona ni karata usiyoiona. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Zamu si kiroba, Akida."

Lakini Akida alikuwa ameshagonga ubao kukubali, na karata ya mwisho ikajifunua yenyewe, uru, si kopa, naye akasimama bila kubishana, akavaa ile kofia iliyolowa, akatembea kuelekea duara namba nne ambako magogo yalikuwa yamekwishasogezwa, na Swaumu na Maganga walipomkamata, mikono yao iliteleza kwenye ngozi yake kana kwamba alikuwa amekaa chini topeni siku nyingi, na kamba ya kushukia ikashuka naye, ikatulia, na walipoivuta ikaja nyepesi.

Mzee Abdulshakur alikuja, akasoma, akachoma pakiti ile mpaka ikawa majivu. Maganga alirudi kwao Ushetu kulima tumbaku. Swaumu alinunua pakiti mpya.

Aligawa kila siku saa saba, kwake mbili na kwa Akida mbili. Karata zilibaki kavu. Arobaini ya mdogo wake ilipita Jumanne. Jumatano aligawa tena.

Za Akida zilikuwa zimelowa, na zilikuwa nene kuliko karata mbili. Swaumu hakuzibandua. Aliziweka chini taratibu, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, alitakiwa atoe nini ili aendelee.