Wivu wa Fundi Masatu

Kila asubuhi Masatu alifika mapema mwaloni Kisaku, mitumbwi ya wavuvi ilipotia nanga. Alitandaza turubai chini ya banda lake la mabati, akapanga spana, akangoja injini mbovu. Mitumbwi ikirudi kutoka upande wa kisiwa cha Rukuba, kazi haikukosekana. Injini moja imegoma kuwaka. Nyingine inatoa moshi kama tanuri la matofali. Masatu alizitengeneza zote. Hakuna aliyemfundisha. Aliacha shule darasa la tano, akajifunza kwa kufungua na kufunga. Kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi pekee mwaloni hapo, na alipenda iwe hivyo.

Kisha akaja Ndayizeye.

Wazazi wa Ndayizeye walikimbia vita Burundi. Yeye alizaliwa katika makazi ya wakimbizi, upande wa Katavi, na baadaye familia yake ilipewa uraia wa Tanzania. Alimwoa Tereza, mwanamke wa Butiama, wakahamia Kisaku. Mwaka wa kwanza alibeba samaki na kuvuta nyavu kama kibarua. Hakuna aliyemwonea wivu. Mwaka wa pili alikwenda Musoma mjini, akakaa miezi sita. Alirudi na ovaroli ya bluu, sanduku la spana mpya, na cheti cha ufundi wa injini chenye muhuri wa chuo. Serikali ndiyo iliyomlipia masomo. Akajenga banda lake hatua chache tu kutoka kwa Masatu.

Tangu siku hiyo Masatu hakula akashiba. Mkono wake ulikuwa kwenye injini, jicho lake lilikuwa kwa jirani.

Mchana mmoja mke wake, Wankyo, alimletea ugali na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga.

"Baba Maige, kaka Pastory alipeleka injini yake kwa Ndayizeye," alisema. "Imewaka kwa mvuto mmoja tu."

"Nimekuuliza habari za Pastory?"

"Hukuniuliza. Nakupa bure."

"Mkimbizi anasomeshwa na serikali. Mimi niliyezaliwa hapa, nasomeshwa na nani?"

"Na wewe uliwahi kwenda kuomba?"

Masatu alikata tonge kubwa, akatafuna.

Kulikuwa na jambo lililomuumiza zaidi. Umoja wa wavuvi wa Kisaku ulikuwa umepata injini kumi na mbili mpya. Silasi, mwenyekiti wa umoja, alikuwa ametangaza kwamba watachagua fundi wa kuzihudumia mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja: awe na cheti. Masatu alikuwa na mikono. Cheti hakuwa nacho. Kazi hiyo ikienda kwa Ndayizeye, nani tena angekuja kwenye banda la Masatu?

Wiki hiyo hiyo mvuvi mmoja, Burito, aligonga mwamba karibu na ufuko. Miamba ni mingi kule, na kila mvuvi amewahi kuigonga. Lakini safari hii gia za injini zilisagika kabisa. Burito aliipeleka kwa Ndayizeye.

Jioni Ndayizeye alivuka kuja kwa Masatu. Mkononi alishika msumari uliopinda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimeutoa huu kwenye propela ya Burito. Amesema uliuweka wewe."

"Ndiyo, mimi. Pini laini za kiwandani zinazoshika propela zinakatikaga ovyo. Msumari wangu haukatiki."

"Ndiyo shida yenyewe, mzee. Ile pini imetengenezwa ili ikatike."

Watu wawili waliokuwa wakisuka nyavu walicheka. Masatu alihisi masikio yanawaka.

"Toka bandani kwangu," alisema. "Uliyejifunza jana unanifundisha mimi?"

Ndayizeye aliweka msumari juu ya turubai, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Masatu alikwenda ofisi ya kata. Alimkuta Lilian, afisa maendeleo ya jamii.

"Nimeleta taarifa," alisema Masatu. "Yule Ndayizeye hana karatasi. Ni mkimbizi, anafanya kazi kinyume cha sheria. Mumfukuze."

Lilian aliweka kalamu chini. "Umeona mwenyewe kwamba hana karatasi?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

Masatu alitazama dirishani.

"Baba Maige, mimi nilishika fomu zake alipoomba chuo," alisema Lilian. "Hati ya uraia anayo. Kitambulisho cha taifa anacho. Ni raia kama wewe. Ukimshuku mtu, leta unachokijua. Usilete cha kutunga. Mtu anaweza kulala mahabusu kwa maneno ya jirani."

"Na wale ambao bado ni wakimbizi?"

"Hao wana utaratibu wao. Mkimbizi asiye na uraia anatakiwa kupata kibali kabla ya kutoka kambini au kufanya kazi nje. Anauliza kwenye idara inayohusika na wakimbizi, haulizi mitaani. Lakini Ndayizeye hayuko huko."

Masatu alikaa kwenye benchi. Hasira ilikuwa haijaisha.

"Sawa, ni raia. Lakini kwa nini serikali imlipie yeye, sisi wenyeji tuachwe?"

"Nani amekuambia mmeachwa? Kwenye mkutano wa kijiji mwezi wa sita, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukaondoka saa ngapi?"

"Uliposema mafunzo ya wakimbizi na wahamiaji. Nikajua hayanihusu."

Lilian alicheka kidogo. "Hapo ndipo nilikuwa naanza. Nusu ya mwaloni mlinyanyuka mkaondoka. Nafasi zilikuwa za aina mbili. Za kwanza ni za watu waliohamia, kwa sababu mgeni hana shamba, hana mjomba wa kumshika mkono. Anafundishwa ufundi, anafundishwa kusajili biashara, kufungua akaunti, na kuishi na watu kwa kufuata sheria. Akijitegemea, halemei mtu. Nafasi za pili ni za wenyeji. Zilijaa watu wa Bunda na Butiama, kwa sababu Kisaku hamkuleta fomu hata moja."

Masatu alikuna kidevu. Hilo lilimuuma kuliko msumari.

"Mimi nina miaka arobaini na saba. Nitakaa darasani na watoto?"

"Kwa mtu kama wewe kuna njia nyingine. Inaitwa urasimishaji wa ujuzi. Fundi aliyejifunza mtaani anapimwa. Anachokijua kinahesabiwa. Asichokijua anafundishwa kwa wiki chache. Akifaulu anapewa cheti. Halipi ada. Unahitaji kitambulisho, picha mbili, barua ya mtendaji wa kijiji, na sahihi ya fundi mwenye cheti anayeijua kazi yako. Fomu zinafungwa Ijumaa."

"Fundi mwenye cheti," alirudia Masatu.

"Ndiyo. Hapo Kisaku yuko mmoja tu."

Masatu alirudi na fomu mfukoni. Alipita banda la Ndayizeye mara tatu bila kusimama. Mara ya nne alisimama. Ndayizeye alikuwa akisafisha kabureta kwa mswaki wa zamani.

"Karibu mzee. Umeniletea msumari mwingine?"

"Nimetoka ofisi ya kata," alisema Masatu. "Nilikwenda kukusema vibaya. Nimesema huna karatasi."

Mswaki ulisimama. Ndayizeye aliweka kabureta chini.

"Tereza ana mimba ya miezi saba," alisema. "Mimi sina ndugu hapa. Ningechukuliwa, nani angekaa naye wakati mimi naulizwa karatasi?"

"Najua. Nimekosa."

"Kwa nini ulifanya?"

"Wivu," alisema Masatu. "Ulikwenda ukarudi na kitu ambacho mimi sina. Nikikuona na ile ovaroli, siwezi kumeza hata maji."

Ndayizeye alimtazama, akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwaga nakaa kule kwenye magunia ya samaki, nakutazama wewe. Nilikuwa najiuliza, huyu mzee anasikiaje ugonjwa wa injini kabla ya kuifungua? Nilikuonea wivu mwaka mzima."

Masatu akatoa fomu mfukoni.

Ndayizeye alinawa mikono kwa sabuni, akaisoma yote. "Nitaandika ukweli," alisema. "Kwamba unaijua injini kwa sikio kuliko mimi. Na kwamba unawekaga misumari."

"Andika."

Wiki iliyofuata Masatu alikuwa chuoni Musoma. Kulikuwa na mama wa Butiama anayetengeneza mashine za kusaga, na wazee wawili wa Bunda, mafundi wa pikipiki. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Siku ya kwanza walipimwa. Masatu alipewa injini tatu mbovu, akazitambua zote. Mwalimu wao, Consolata, aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akamwonyesha pini ya propela.

"Fundi Masatu, ukigonga mwamba, nini kinavunjika kwanza?"

"Nikiweka msumari, hakivunjiki kitu."

"Kinavunjika. Nguvu ya ule mwamba lazima iende mahali. Pini laini ikikatika, propela inaacha kuzunguka na gia zinapona. Mvuvi anaweka pini mpya, anarudi nyumbani. Ukiweka msumari mgumu, nguvu inapanda mpaka kwenye gia. Sasa mvuvi yuko katikati ya ziwa na injini iliyokufa."

Masatu aligeuza ile pini kwenye vidole. Alikumbuka injini tano, labda sita, zilizosagika gia mikononi mwake. Kila mara alilaumu kiwanda.

Alijifunza pia kuchanganya oili na petroli kwa chupa yenye alama, badala ya kukadiria kwa kikombe cha chai. Alijifunza kumwandikia mteja kilichobadilishwa. Umeme wa injini ulimshinda kidogo, lakini alifaulu. Baada ya wiki nne alipewa cheti. Wankyo alikitazama mbele na nyuma, kisha akakisoma tena.

Siku ya kuchagua fundi, wavuvi walijaa ofisi ya umoja. Sasa waombaji wenye cheti walikuwa wawili.

"Mgeni apishe mwenyeji," alisema mtu mmoja kutoka nyuma.

"Mgeni gani?" aliuliza Silasi. "Huyu tumezika naye, tumechanga naye harusi. Mimi nataka kujua jambo moja. Fundi Masatu, kati yenu nani bora?"

Masatu alitaka sana kusema ni yeye. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akamwona Ndayizeye ameinamisha kichwa, amezoea kusikia anayosemwa.

"Kwa umeme wa injini, ni yeye," alisema Masatu. Sauti ilikuwa nzito kama ya mtu anayeng'olewa jino. "Kwa gia na pampu, ni mimi. Mkichukua mmoja, mtapata nusu ya fundi."

Umoja uliwachukua wote wawili. Msimu ule hakuna injini ya Kisaku iliyosagika gia. Pini zilikatika nyingi, na kila mvuvi alikuwa na za akiba ndani ya mtumbwi. Mwezi uliofuata watu kumi na mmoja wa Kisaku walijaza fomu za mafunzo. Wanne walikuwa wahamiaji, saba wenyeji.

Wivu wa Masatu haukuisha wote. Bado huhesabu vichwa akiona foleni ndefu kwenye banda la jirani. Lakini siku hizi huweka spana chini, akavuka, akauliza, "Nikupunguzie ipi?"