Miwani Ambayo Yoramu Hakuivaa

Ukuta wa mbele wa ukumbi wa Baraza la Ajali, Dodoma, haukuwa na rangi wala dirisha. Ulikuwa ngozi nyembamba ya nuru iliyotandazwa kutoka sakafuni hadi darini, na nyuma yake kilikaa kisawiri, mtambo uliogeuza maneno ya shahidi kuwa picha. Shahidi aliposema gari, gari lilitokea. Aliposema lilikuwa jekundu, wekundu ulisambaa kwenye bodi huku watu wakitazama. Waliofika mara ya kwanza walishika vifua. Wajumbe wa Baraza walikwisha kuzoea, na siku hizi hawakumtazama tena mtu anayesema. Waliutazama ukuta.

Asubuhi hiyo ukuta ulikuwa unamchora Yoramu Chilewa.

Yoramu alikuwa msafishaji wa vioo kwenye uwanda wa Bahi, ambako kampuni moja ya umeme wa jua ilisimamisha vioo vikubwa kama milango ya kanisa, maelfu kwa maelfu, vyote vikiuelekea mnara mmoja. Siku moja kioo kilikwama, kikageuka ghafla, kikammwagia jua lote usoni. Tangu hapo hakuona tena. Hospitali zilikuwa na macho ya kupandikiza, yanayoungwa na mishipa ya kichwa, na sheria ilisema wazi kwamba kampuni itayagharimia ikiwa ilimwacha mfanyakazi asimame mbele ya vioo bila miwani ya giza. Kama alikuwa ameivaa, basi ni bahati mbaya tu, na Yoramu angebaki gizani maisha yake yote. Shauri zima lilikuwa hapo, kwenye miwani.

Fundi wa kisawiri aliitwa Nyemo Mahungo. Mbele yake palikuwa na meza ya vidhibiti. Hapo aliandika agizo, yaani sentensi iliyopeleka maneno ya shahidi mtamboni. Kidhibiti cha utiifu kiliamua mtambo ufuate agizo kwa kiasi gani na ujibunie kwa kiasi gani. Mbegu ilikuwa namba ambayo picha huota kutoka kwayo. Mbegu ile ile na agizo lile lile huzaa picha ile ile. Mwisho kulikuwa na kapu la marufuku, mahali pa kuandika kitu kisichotakiwa kuonekana. Kapu hilo lilikuwa na kufuli. Kanuni zilitaka vidhibiti vyote vibaki katika mpangilio wa kawaida, eti fundi asije akampendelea mtu.

Picha ikatoka. Mtu mwenye ovaroli ya bluu alisimama kati ya vioo, ndoo mkononi. Machoni alikuwa na miwani nyeusi, pana, safi.

Mama Eliya, mke wa Yoramu, alimnong'oneza mumewe. Yoramu akainuka kwa kushika ukingo wa benchi.

"Jamani, sikuwa na miwani."

Nyemo akaongeza kwenye agizo: mfanyakazi hana miwani. Ukuta ukatetemeka, na picha mpya ikaja na miwani kubwa zaidi. Yoramu, akiambiwa tena na mkewe, alisisitiza kwamba hakuwa hata na ile miwani ya plastiki ya akiba. Nyemo akaandika hivyo hivyo. Sasa mtu wa ukutani alikuwa na miwani usoni na nyingine ikining'inia shingoni.

Nyuma ya ukumbi watu walicheka. Wakili Mbonea wa kampuni hakucheka. Alisema kwa upole kwamba kadiri mlalamikaji anavyojitahidi kukumbuka, ndivyo miwani inavyoonekana vizuri.

Nyemo alijua kwamba kisawiri hakielewi ukosefu. Kitu kikitajwa, kinachorwa, hata kikitajwa kwa kukanwa. Tena kilikuwa kimefundishwa kwa picha zilizokwisha kuwapo duniani, na picha za wasafisha vioo zilizokuwapo ni za matangazo ya kampuni zenyewe, ambamo kila mfanyakazi anatabasamu na kila mfanyakazi ana miwani. Hakuna kampuni iliyowahi kujitangaza kwa picha ya mtu iliyemwacha aungue. Kwa hiyo Yoramu akinyamaza, alivishwa miwani moja. Akikana, alivishwa mbili. Na watu wazima wenye akili zao walikaa kwenye viti vya ngozi wakiuita uonevu huo ushahidi.

Akasimama, akaeleza yote hayo. Mwenyekiti Kaijage, aliyependa mashauri yaishe kabla ya chakula cha mchana, alimjibu kwamba mtambo ulithibitishwa na wataalamu. Nyemo akamkumbusha kwamba yeye ni mmoja wao. Mwenyekiti akasema hilo halibadilishi kitu.

Yoramu, aliyekuwa bado amesimama, aligeukia upande wa sauti ya Nyemo.

"Dada fundi, huyo wakili amekuja na ng'ombe humu ndani?"

"Hapana, kaka."

"Basi kiambie kimchore wakili asiye na ng'ombe. Sisi Wagogo mtu wa namna hiyo tunamwonea huruma."

Kicheko kilimkamata hata mwenyekiti, na labda ndiyo sababu hakukataza. Nyemo akaandika. Ukutani akatokea wakili Mbonea na suti yake ya kijivu na makabrasha yake kwapani, na ubavuni mwake ng'ombe mwenye nundu akimlamba kiwiko cha koti.

"Wakili kapata mahari bila kuomba," mtu akasema kutoka nyuma.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kukataa. Mwenyekiti akatoa ufunguo, kapu la marufuku likafunguliwa, na Nyemo akaandika humo neno moja tu, miwani. Alirudisha agizo la kwanza na mbegu ya kwanza. Vioo vikawa vile vile, ndoo ile ile, ovaroli ile ile, na uso wa Yoramu ukawa wazi, macho yake mawili yakikitazama kioo kinachogeuka. Mama Eliya alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Muda mrefu hakuwa ameyaona macho hayo yakitazama kitu.

Ndipo wakili Mbonea aliposema picha hiyo imeelekezwa. Fundi ameondoa kitu kwa mkono wake mwenyewe. Ile ya kwanza ilitokea yenyewe, kwa mpangilio wa kawaida, bila mtu kuigusa. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akakubaliana naye, akaamuru picha ya kwanza irudishwe kwa kuwa ndiyo itakayoingia kwenye hukumu.

Nyemo hakurudisha.

"Mheshimiwa, hata mpangilio wa kawaida kuna mtu aliyeupanga. Alikaa kwenye meza kama hii, akachagua utiifu, akachagua picha za kuufundishia mtambo, akafunga kapu. Mkono wangu mnauona. Kwa nini wake hamuuoni?"

"Nyemo, rudisha picha."

Lakini Yoramu alitangulia kusema. Hakupaza sauti.

"Mimi hiyo ya kwanza siioni. Hata ya pili siioni. Zimeni zote, nanyi msione kitu, halafu mniulize."

Nyemo aliukata umeme wa ukuta. Alijua kazi yake imeishia hapo. Nuru ikafifia, ukabaki ukuta wa saruji wenye nyufa na waya. Mwenyekiti aliamuru tena, na Nyemo akakunja mikono. Watu walikosa pa kutazama. Mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Yoramu.

Kaijage alijikohoza.

"Miwani yenu ilikuwa wapi, bwana Chilewa?"

"Ilikuwapo, Mheshimiwa. Kila mtu alikuwa na yake. Asubuhi ile ilikusanywa, wakapewa wageni waliokuja kuutembelea mnara na kupiga picha. Sisi tukaambiwa tuendelee kufuta, vioo visionekane vichafu kwenye picha zao."

"Zipo mtandaoni hadi leo," Mama Eliya akasema. "Wanatabasamu."

Wakili Mbonea alisimama kupinga. Mwenyekiti hakumtazama.

"Nani aliikusanya?"

Yoramu akataja jina. Kaijage alimwashiria wakili aketi, akaondoa kifuniko cha kalamu, na kumwomba Yoramu alitaje tena, polepole, kwa sababu alikuwa anaandika kwa mkono.