Bwawa la Kuonyesha Wageni

Kama kawaida, Sahro aliamshwa na filimbi ya askari iliyotangaza mwisho wa kafyu. Alinawa uso, akanywa chai ya rangi na kwenda shuleni, akiwapita wanajeshi waliosinzia kando ya lori lao. Mwaka huo wa vita vya shifta, yaani waasi wa kaskazini, kila mtu Isiolo alikuwa amechoka. Baba yake, Mzee Awale, alichoka kungoja msafara wenye ulinzi ili apeleke lori lake Moyale. Mama alichoka kumngoja baba. Hata Mwalimu Mungania, aliyetoka Meru, alisahihisha hesabu huku akipiga miayo.

Jambo moja tu lilikuwa limewachangamsha wanafunzi. Shule za Kenya, Uganda na Tanzania zilitafuta mji wa kufanyia mashindano ya mashua ndogo za matanga, zile ambazo watoto huchonga kwa mti mwepesi na kuziachia upepo. Ilikuwa imebaki miji miwili, Nanyuki na Isiolo. Siku hiyo Bi. Kagendo wa kamati ya michezo angekuja kuliangalia bwawa lililo nyuma ya shule. Upepo Isiolo haukosekani, lakini kiangazi kilikuwa kimelinyonya bwawa hadi matope yakaonekana.

Sahro aliyataka mashindano yale kwa moyo wote. Watu wa mbali walisikia habari za Isiolo redioni tu, na zote zilikuwa za bunduki. Alitaka watoto wa Kampala na Moshi waje wajionee kwamba huku nako watoto hucheza.

Ndiyo maana jana yake jioni, yeye na mwenzake Kirimi walikuwa wameuziba kwa magunia ya mchanga mfereji unaotoa maji bwawani na kuyapeleka kwenye kambi ambamo serikali iliwafungia wafugaji, ili maji ya kijito yajae bwawani usiku kucha.

"Na mbuzi wa kambini?" Kirimi aliuliza.

"Watakunywa mgeni akishaenda," Sahro alijibu. "Kwani mbuzi wana saa?"

Kwao walifuga kuku tu, na kuku hunywa wanapotaka.

Bi. Kagendo alifika jua likiwa limepanda. Alichovya ufito majini, akautazama, akatabasamu.

"Bwawa zuri kweli! Maji hufika hapa siku zote?"

Mwalimu Mungania alikunja uso, maana hata yeye alilishangaa lile bwawa. Kabla hajasema neno, Sahro alidakia, "Siku zote, madam."

Wenzake walipiga makofi. Sahro alicheka nao. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikatikia pale pale.

"Salaam aleikum," sauti kavu ilisema. Alikuwa Asho, mama mmoja wa kambini, na nyuma yake mbuzi walilia kwa kiu. "Watoto, maji imeenda wapi? Huko chini ni vumbi tupu."

"Aleikum salaam, mama. Ngojeni kidogo tu," Sahro alinong'ona.

"Ningoje nini? Askari anatufungulia asubuhi. Akipiga filimbi saa sita, tunarudi ndani ya seng'enge, tumekunywa au hatujakunywa. Mbuzi yetu iko na saa, mwanangu. Leo asubuhi mbili zimekufa."

Asho hakugomba. Alikuwa amechoka hata kugomba, na hilo lilimuuma Sahro kuliko matusi. Aliwatazama wenzake, akamtazama Bi. Kagendo, kisha akaingia kwenye mfereji na viatu vyake na kuyavuta magunia. Kirimi alimfuata. Maji yalitoka kwa kishindo, mbuzi wakayakimbilia, na bwawa likaanza kushuka mbele ya macho ya mgeni.

"Nimekudanganya, madam," Sahro alisema, machozi yakimtoka. "Bwawa letu ni matope. Sisi ndio tulioziba mfereji."

"Umetumaliza!" mwanafunzi mmoja alifoka.

Bi. Kagendo aliufuta ufito wake matope. "Mashindano yatafanyika Nanyuki," alisema mwishowe. "Lakini nitawaombea kibali cha safari, mje na mashua zenu. Na wewe Sahro utanisaidia kupima maji ya huko. Nadhani sasa utaniambia kina chake bila kuongeza."

Mgeni alipoondoka, wanafunzi waliketi ukingoni wakiwa wamenuna. Huko chini mbuzi walikuwa bado wanakunywa, na filimbi ilikuwa haijalia. Mwalimu Mungania aliketi kando ya Sahro na kushusha pumzi.

"Hata mimi nilitaka wageni waje," alisema. "Mji huu umechoka kusemwa vibaya. Lakini ukiupamba kwa uongo, kuna mtu anayelipa, na mara nyingi ni yule asiye na cha kulipia. Siku nyingine ukimwonyesha mgeni kwetu, mwonyeshe na matope."