Komeo la Chumba cha Tanuri

Ka-cha.

Mara moja tu, kisha kimya. Lilikuwa komeo la chumba cha tanuri, kule nyuma ya ua, komeo la chuma linaloinuliwa kwa kidole gumba, na Pembe alilijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mumewe gizani. Alilala macho wazi akingoja mlio wa pili, maana komeo likiinuka sharti lishuke. Halikushuka.

Asubuhi Ülfet, mke wa mwanawe, alilikuta limesimama wima na mlango umefungwa.

"Mama, uliingia chumba cha tanuri usiku?"

"Nikafanye nini? Nikalale na makreti ya machungwa?"

"Basi ni upepo."

"Upepo hauna kidole gumba," alisema Pembe, na papo hapo akajuta kulisema.

Nyumba ilikuwa ya mawe, yenye matao matatu mbele, ukingoni mwa mashamba ya michungwa ya Omorfo. Ilikuwa yao na haikuwa yao. Pembe na marehemu mumewe Salahi, Waturuki, walikuja kutoka Baf, kusini, baada ya vita vilivyokigawa kisiwa chao, wakiwa na godoro moja na sufuria. Kule waliacha nyumba ambayo leo paa limeanguka na mbuzi wanalala jikoni. Huku wakapewa hii, ya Wagiriki waliokimbilia kusini. Mwana wao Raif alizaliwa humo. Mahakama ya upande wao ilimpa Salahi hati yenye mhuri, na mahakama ya upande wa pili ilisema hati ile ni picha ya kutundika ukutani. Nchi moja, waya katikati, na kila upande una jaji wake.

Sasa ilikuja hukumu mpya. Mwenye nyumba, ilisema, ni Theognosia, mwanamke mzee aliyepotea mwaka ule wa vita. Hakuna aliyethibitisha kifo chake, kwa hiyo mbele ya sheria hajafa. Hadi ijulikane yuko wapi, hakuna wa kuuza, kujenga wala kubomoa, awe Raif au warithi wa mzee huyo.

"Yaani mwenye nyumba wangu ni mzuka!" Raif alicheka siku ile, kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari. Juu ya paa, nondo alizozisimamisha kwa ajili ya vyumba vya watoto zilikuwa zimeanza kuota kutu. "Mzuka una wakili, mimi sina."

Matumaini yalibaki kwa mtu mmoja. Mjukuu wa yule mzee, jina lake Chrystalla, alikuwa amepeleka ujumbe kwamba atakuja Alhamisi. Akikubali kusaini mapatano, nyumba inakuwa ya Raif kwa pande zote mbili za waya. Akikataa, kesi inakwenda Ulaya, na Raif alijua watu waliotolewa majumbani kwa kesi za Ulaya.

"Mama," aliuliza kwa mara nyingine, "mlipofika hapa, kweli hamkukuta mtu?"

Pembe akatoa jibu lile lile alilolitoa tangu vizuizi vifunguliwe na Wagiriki waanze kuvuka kuja kutazama milango yao ya zamani.

"Nyumba ilikuwa tupu, mwanangu."

Jumamosi jioni ilikuja harufu. Ülfet aliisikia kwanza, akatoka jikoni akidhani jirani anachoma takataka. Haikuwa takataka. Ulikuwa moshi wa majani ya mzeituni, mtamu na mkali, moshi ambao kila mama wa kisiwa kile, wa dini hii au ile, huzungusha juu ya vichwa vya wanawe kuondoa husuda. Ulitoka chini ya mlango wa chumba cha tanuri. Ndani hapakuwa na moto. Palikuwa na makreti, mikasi ya kupogolea, na lile tanuri kubwa la mviringo ambalo Salahi aliliziba mdomo kwa mawe na saruji kabla Raif hajazaliwa.

"Tanuri zima namna hii," Ülfet alizoea kusema, "baba mkwe alikuwa na ugomvi gani na mkate?"

Safari hii alifunga mlango, akarudi jikoni.

Kesho yake alifunika unga aliokanda kwa kitambaa, ili uumuke. Alipofunua, unga ulikuwa umekwisha kugawanywa kuwa mikate midogo, ya duara, iliyopangwa vizuri kuliko anavyopanga yeye, na kila mkate ulikuwa umekatwa juu mikato miwili iliyopishana, kama wakatavyo Wagiriki. Pembeni palikuwa na alama ya kiganja kidogo kilichokonda.

Pembe aliibeba yote akaitupia kuku. Kuku waliisogelea, wakasimama, wakarudi nyuma wakipandiana.

"Mama, unatetemeka."

"Baridi."

"Baridi ya wapi na jua hili? Mama, humu mna kitu. Niambie. Mimi ninalala humu na wanangu!"

"Funga mdomo, Ülfet. Kitu ukikiita kitu, kinakaa."

Ülfet alikuwa binti wa watu wasiokaa na kusubiri. Mchana ule, Pembe alipopitiwa na usingizi, alichuma majani ya mzeituni, akatafuta chetezo. Chake kilikuwa kimevunjika. Akapanda kiti, akapapasa juu ya kabati kuukuu la mama mkwe, nyuma kabisa, na mkono wake ukagusa chetezo cha udongo kilichofungwa kwa kilemba cheusi. Hakujiuliza ni cha nani. Akakiwasha, akazunguka nyumba nzima akisema Bismillahi: vyumbani, jikoni, chini ya matao, na mwisho ndani ya chumba cha tanuri, mara tatu, akiamrisha kilichomo kitoke.

Pembe aliamshwa na harufu. Alikuja uani bila viatu, nywele wazi.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Juu ya kabati. Ninatufukizia, mama, tupate—"

"Mpumbavu wee! Unamfukuza kwa moshi wake mwenyewe? Kwa chetezo chake? Huyo umemwita! Umemfungulia mlango, ukamwambia karibu nyumbani!"

Ülfet alishusha chetezo polepole. Moshi haukupanda. Ulishuka, ukatambaa kwenye mawe ya ua, ukaingia chini ya mlango wa chumba cha tanuri kama paka arudipo kwao.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "chake nani?"



Tangu hapo haikungoja usiku. Komeo liliinuka wakati wa chakula cha mchana, liliinuka watoto wakirudi shule, liliinuka Raif akinyoa ndevu, ka-cha, likinyamaza kwa muda wa kutosha watu kuanza kupumua, kisha ka-cha tena; na kati ya mlio na mlio ilisikika pumzi, si ya mnyama wala ya upepo, bali pumzi ya mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo asikohoe, pumzi inayokwama na kukwaruza na kumezwa, hata Ülfet akawa anajikuta naye amebana pumzi, sufuria mkononi, chakula kikiungua, akingoja mtu asiyemjua apate hewa.

Raif, ambaye hata Ijumaa humsalimia Mungu kwa mbali, alimleta Sheikh Nidai. Sheikh alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye gari dogo bovu. Alisoma, alipuliza maji, alizika hirizi kizingitini, akaingia chumba cha tanuri peke yake na kufunga mlango. Walimsikia akisoma kwa sauti kubwa, kisha ya kawaida, kisha ya chini. Kisha walimsikia akinong'ona kama anayemwomba mtu radhi.

Alitoka amelowa jasho.

"Ametoka?" aliuliza Raif.

"Mwanangu, mimi nawafukuza walioingia. Huyu hakuingia." Alifuta shingo kwa leso. "Huyu hakutoka."

"Maneno gani hayo, sheikh? Nimekuita ufanye kazi, si kutunga mafumbo!"

"Nimemwambia kwa jina la Mola, nenda. Ameniuliza, namwambia nani. Jini huondoka akiitwa kwa jina lake, na mimi jina lake silijui." Akamgeukia Pembe, akamtazama bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Yumo humu mtu anayelijua."

Hakuchukua chochote walichompa. Gari lake liligoma kuwaka. Raif alilisukuma mpaka barabarani huku akitukana.

Alhamisi Chrystalla alikuja, mchana kweupe, mwanamke wa umri wa kati, viatu vya chini, macho yaliyochoka. Hakuja na wakili. Alileta boksi la keki, kama wafanyavyo wote wanaovuka kuja kugonga milango iliyokuwa yao. Ülfet alimkaribisha chini ya matao. Pembe akasema atapika kahawa, maana hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi: mgeni ni mwenyeji, mwenyeji ni mgeni, na aibu ya wote wawili hufunikwa kwa kikombe cha kahawa.

"Keti, dada," alisema Raif. "Nyumba tumeitunza, unaona mwenyewe."

"Naona nondo juu ya paa."

"Ni za watoto."

"Hata mimi nilikuwa mtoto humu." Chrystalla alisema bila hasira, kisha akainua mkono. "Usiogope, sikuja kukutoa. Kwetu kusini nimekaa nyumba ya Mturuki tangu vita, na mwenyewe naye huja kunywa kahawa. Sihitaji mawe. Namtaka bibi. Tulimwacha kwa sababu hakukubali kupanda gari. Alisema atalinda tanuri, tutarudi wiki ijayo. Nilikuwa na miaka kumi, nilimpungia mkono. Nionyesheni alipolala nimzike, na siku hiyo hiyo nasaini."

"Wallahi, dada, mimi ningejua ningekuchimbia kwa mikono hii! Mama! Njoo umwambie. Mlimkuta mtu?"

Jikoni kijiko kiligonga birika.

"Katika makaratasi yote yeye ni Theognosia," aliendelea Chrystalla, akielekea jikoni na kuinua sauti kidogo, sasa akiongea Kigiriki cha vijijini ambacho watu wa Baf, kama Pembe, hawajakisahau. "Jaji anamwita hivyo, wakili anamwita hivyo. Sisi wa nyumbani hatukumwita hivyo hata siku moja. Jina letu sijalitamka katika mahakama yoyote, wala sitalitamka hapa. Atakayelijua, huyo alilala naye chini ya paa moja."

Pembe alisimama mbele ya moto, kahawa ikipanda. Siku ile pia alikuwa akipika kahawa. Ilikuwa baridi ya Januari, na maofisa wa kugawa nyumba walikuwa wameketi chini ya matao haya haya, wakiuliza kama nyumba ni tupu, maana nyumba yenye Mgiriki ndani haikugawiwa mtu. Yule bibi waliyemkuta humo walipofika, aliyewafundisha kupogoa michungwa na kukanda unga wa huku alikuwa ameingia chumba cha tanuri kwa miguu yake mwenyewe, kifua kikimsumbua, kilemba cheusi mdomoni, kwa kuwa naye hakutaka kupelekwa kusini. Salahi alitia kufuli. Ufunguo akampa Pembe. Na Pembe alimwambia, mdomo karibu na mbao: tulia, wakiondoka nitakufungulia. Lakini baada ya kahawa maofisa wakaomba brandi, na baada ya brandi wakaimba, jua likazama, baridi ikashuka, na katikati ya wimbo komeo likainuka kutoka ndani, mara moja tu, likagonga kufuli. Pembe alilisikia. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni. Akamimina kahawa nyingine.

Salahi ndiye aliyeleta saruji. Picha yake ukutani ilikuwa na medali.

Ka-cha.

Chini ya matao wote watatu waligeuka. Chrystalla alisimama. "Ni nini hicho?"

"Mlango mbovu," alisema Raif haraka, rangi imemtoka usoni. "Mama, tafadhali! Mwambie nyumba ilikuwa tupu, yaishe!"

Pembe alitoka na sinia, akaiweka mezani bila kumwaga hata tone, akampita mwanawe, akampita mgeni, akashuka uani, na kadiri alivyosogea harufu ya mzeituni ilizidi kumjia, na chini ya mzeituni harufu ya mkate, na chini ya mkate harufu ya saruji mbichi ambayo ilipaswa kuwa imekauka kabla mwanawe hajazaliwa, na nyuma yake Raif alikuwa akiita mama, mama, kwa sauti ya mtoto aliyeamka usiku, na alijua kwamba akiinua mkono wake mwanawe atapata nyumba na atampoteza baba, na pengine mama pia, na komeo mbele yake lilikuwa likitetemeka, limeinuka nusu, kama kidole gumba cha upande wa pili kimechoka lakini hakijakata tamaa, na ile pumzi iliyobanwa kwa kitambaa ilikuwa karibu sana sasa, kwenye mbao zile zile, kwa urefu ule ule wa mdomo wa mwanamke mfupi.

Aliweka kidole chake chini ya chuma, akakiinua hadi juu, akasukuma mlango.

"Wameshaondoka," alisema kwa Kigiriki. "Toka sasa, Rodu."