Mpangaji wa Nyumba ya Uani

Chanceline alipokuta nyayo za maji sebuleni, mchana wa jua kali, alidhani paa linavuja, akamwita mwenye nyumba. Agnesi aliziangalia: nyayo pana, zimetoka mlangoni hadi kwenye cherehani, na hazikurudi. Alijua si paa. Moyoni alifurahi.

Tangu Chanceline, mshonaji kutoka Uvira, apange nyumba yao ya uani hapa Minago, kando ya ziwa, Agnesi hakuwa na raha. Kila siku Karoli, mumewe, alikuwa na kitasa cha kutengeneza kule. Hakuwahi kuwakuta na kosa lolote, ila kicheko cha mumewe kilimfikia jikoni na kumchoma kama pilipili jichoni. Ndipo alipomwendea Beatrisi, mwanasheria wa pale Rumonge mjini.

"Mkataba wake ni mpaka Desemba," Beatrisi alimwambia. "Humtoi mtu kwa sababu mumeo anacheka, mama. Mwandikie barua mapema, usubiri siku zake ziishe."

Agnesi hakusubiri. Alikwenda Kabezi kwa mganga mmoja, Melkiades, akamwomba kitu cha kumtoa mwanamke ndani ya nyumba.

"Kitu hicho chenyewe, nani atakitoa?" Melkiades aliuliza.

"Hilo niachie mimi."

Baada ya nyayo ikaja harufu ya tope la ziwani. Kisha Chanceline akaja jikoni kwa Agnesi, anaongea chini chini.

"Mama, mule ndani muko mutu. Nikishona, niko namusikia anapumua nyuma yangu. Leo nimeamuka nakuta amenisuka nywele, na zote ziko na maji."

"Pole," Agnesi alisema, akimenya mihogo.

Ijumaa Chanceline alirudisha ufunguo mbele ya Beatrisi, akatia saini ya kuvunja mkataba, akaenda zake.

Lakini Karoli aliendelea kwenda uani. Alisema anafagia. Alirudi suruali imelowa magotini, hataki kula, hataki kuguswa, na Agnesi, kwa hofu, akarudi mbio Kabezi.

"Yule uliyemfukuza alikuwa na mkataba," Melkiades alimwambia. "Huyu hana. Siku zake haziishi."

Jioni hiyo Agnesi alikuta kitanda chao hakipo, na mchangani mna michirizi ya miguu ya kitanda hadi uani, na alipofika mlangoni tope likamnukia mpaka kooni, akasikia maji yakitembea polepole sakafuni, na kicheko cha Karoli, kile kile, lakini laini kuliko alivyowahi kuchekewa yeye katika miaka yote ya ndoa, katika kambi ya wakimbizi Tanzania na hapa nyumbani.

Akagonga. "Baba Irakoze, fungua. Ni mimi."

Kicheko kikakatika. Sauti ya mwanamke ikauliza taratibu, "Nani huyo?"

"Usijali," Karoli akajibu. "Ni mpangaji wa nyumba ya mbele."

Kisha ile sauti, sasa karibu kabisa na mlango:

"Atatoka lini?"