Kompyuta Iliyofundishwa na Mama Triza

Likizo ya Agosti, Triza aliamka saa kumi na mbili kila asubuhi, akanywa chai, kisha akamsaidia mama yake kupiga deki ngazi za jengo lao pale Eastleigh. Vidato vilikuwa sitini na vinne. Triza alivihesabu kila siku, kana kwamba kimoja kingeweza kutoroka usiku. Mama yake, Phelister, ndiye aliyekuwa msimamizi wa jengo hilo la ghorofa nne. Alifagia, alitunza funguo za wapangaji, aliwasha taa za ngazini na kupandisha maji kwa pampu hadi kwenye tangi la paani. Kwa kazi hiyo walipewa chumba cha chini karibu na lango. Waliingia humo Triza akiwa darasa la kwanza, na sasa alikuwa la saba.

Mwaka huo wa 1997, mwenye jengo, Mzee Abdiqadir, alirudi kutoka safari ya Dubai akiwa na wazo kubwa. Huko aliona nyumba ambayo taa zake ziliwashwa na kompyuta, naye akataka jengo lake liwe hivyo hivyo. Akamwita Fundi Opicho, kijana aliyefundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini. Nyaya zikatandazwa kutoka chini hadi paani, na kompyuta kuukuu ikawekwa juu ya meza katika chumba cha pampu.

Siku ya kwanza, Fundi Opicho aliandika herufi chache, akabonyeza. Taa za ngazini zikawaka, ghorofa baada ya ghorofa, na hakuna mtu aliyegusa swichi! Triza alibaki mdomo wazi. Batulo, rafiki yake na binti wa Mzee Abdiqadir, alimshika mkono.

"Wacha! Umeona hiyo, Triza?"

"Nimeona, manze! Hii kitu iko na akili kushinda watu!"

Kompyuta ile ilitaka iandikiwe vifupisho vya Kiingereza, herufi na mistari na tarakimu, na ukikosea nafasi moja tu inakupigia mlio wa dharau. Mama alisoma Kiswahili vizuri, lakini vifupisho vile vilimshinda. Alitaka pampu, zikawaka taa. Alitaka taa, ikalia kengele ya lango, na wapangaji wakatoka kumwangalia mgeni ambaye hakuwepo. Mzee Abdiqadir aliyaona hayo kwa siku tano, na Jumapili akashuka.

"Mama Triza," alisema kwa upole, lakini bila kutabasamu, "Jumamosi ijayo ni siku ya maji. Nitakuja nikuone ukiuendesha mtambo huu peke yako. Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, itabidi nitafute mtu aliyesomea kompyuta."

"Sawa, Mzee," mama alijibu.

Mchana huo mama hakula. Triza alimtazama. Kazi ikienda, chumba nacho kingeenda, na shule ya karibu vilevile. Wangekwenda wapi?

Jumatatu asubuhi alimfuata Fundi Opicho katika chumba cha pampu.

"Fundi, kwani kompyuta haiwezi kuongea Kiswahili?"

Fundi alicheka. "Kompyuta haijui lugha yoyote, Triza. Inaonyesha kile tulichoiandikia."

"Basi nionyeshe jinsi ya kuiandikia."

Fundi hakuwa mchoyo wa elimu. Alimvutia kiti, akamwonyesha mstari mmoja baada ya mwingine, naye Triza akaandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. Kufikia alasiri kioo kilionyesha orodha safi: "1 Pampu. 2 Taa. 3 Kengele." Triza alibonyeza mbili, akakimbia nje. Taa zilikuwa zikiwaka mpaka juu kabisa! Maneno yaliyotoka kichwani mwake yalikuwa yamepanda ghorofa nne kwa kufumba na kufumbua. Alisisimka mwili mzima.

Mama alipokuja kujaribu, kidole chake kilizunguka juu ya kibodi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Triza hakuwa na subira.

"Hapa, mama," alisema, akambonyezea. Halafu tena, "Hapa." Na mara ya tatu hakusema hata neno, alibonyeza tu.

Fundi alipochungulia mlangoni kuuliza kama mama ameweza, Triza alijibu haraka, "Ameweza kabisa, Fundi! Hata nikiwa sipo."

Huo ulikuwa uongo. Mama alimtupia jicho, akanyamaza kwa sababu ya haya. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya Triza iliishia kesho yake, Jumanne, saa tatu asubuhi.

Siku hizo maji yalikuja Jumanne na Jumamosi tu. Siku nyingine mifereji ilikauka, na wapangaji waliiacha wazi, ndoo zikiwa chini yake, ili maji yakirudi wasikie mlio. Jumanne hiyo tangi la chini lilipojaa, mama alichukua sufuria kuukuu na mwiko, akaelekea ngazini.

"Mama, unaenda wapi na sufuria?" Triza aliuliza. "Kompyuta iko tayari."

"Ngoja kwanza niwagongee watu..."

"Aa, mama! Hayo ni mambo ya zamani. Kompyuta inajua yenyewe." Akabonyeza moja. Pampu ikanguruma.

Kompyuta haikujua kitu. Baada ya nusu saa maji yalianza kuteremka ngazini, kidato kwa kidato, vidato vile vile alivyovipiga deki asubuhi. Yalitoka ghorofa ya tatu, kwa Mzee Abdiqadir mwenyewe. Yeye na jamaa yake walikuwa wamekwenda arusini Pangani, na mfereji wa jikoni walikuwa wameuacha wazi kama kila mtu. Mama alikimbia na ufunguo, akaufunga mfereji. Mazulia yalikuwa yameloa chapachapa.

Mzee aliporudi, alisimama katikati ya sebule yake, viatu vikiwa majini. Fundi Opicho, aliyeitwa kukagua nyaya, alisimama mlangoni.

"Nani amewasha pampu?"

"Ni mimi, Mzee," mama alisema.

Triza alimtazama mama yake. Aliona mikono yake imekunjamana kwa kukamua matambara tangu asubuhi. Angenyamaza, lawama ingempita. Lakini angewezaje?

"Si yeye," alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi niliyewasha. Mama alitaka kuwagongea watu, nikamzuia. Na Fundi, nilikudanganya jana. Mama hajawahi kubonyeza orodha yangu hata mara moja. Nilikuwa nikimbonyezea mimi."

Fundi Opicho alishusha pumzi.

"Kosa hili tunaligawana, Triza," alisema. "Mimi niliandika programu ya kwanza bila kumwuliza mama yako anavyofanya kazi. Wewe ukaandika ya pili, ukafanya vivyo hivyo."

"Jumamosi ni Jumamosi," Mzee alisema, akaokota ncha ya zulia. "Sasa nisaidieni kuanika hivi vitu."

Jumatano Fundi alimkataza Triza kugusa kibodi. Alimpa daftari. "Mfuate mama yako. Mwambie akufanyie kazi ya siku ya maji, mwanzo hadi mwisho, kama vile leo ni Jumamosi. Usimfundishe chochote. Andika tu."

Triza alifuata huku amenuna kidogo, maana alidhani anaijua kazi hiyo. Haukupita muda akasahau kununa. Mama alimwonyesha jinsi bomba la barabarani linavyopumua hewa kabla maji hayajafika, na kwa kusikiliza tu hujua kama yatakuja kwa nguvu au kwa unyonge. Alimwonyesha anavyogonga sufuria ngazini ili watu wafunge mifereji, na anavyojua nani yuko kazini ili amfungie kwa funguo zilizoachwa kwake. Kisha huwasha pampu dakika moja, huizima, na kuweka sikio kwenye bomba la ukutani.

"Unasikiliza nini, mama?"

"Mfereji uliosahaulika. Ukiwa wa juu hulia kwa sauti nyembamba. Wa chini hulia kwa sauti nzito. Bomba hili ni la upande wa barabara, lile ni la upande wa uani."

Triza aliweka sikio lake. Alisikia ubaridi tu. Miaka sita alikuwa ameishi na mtu anayesoma jengo zima kwa sikio, na hakuwahi kujua! Alimwangalia mama yake kwa mshangao ule ule aliokuwa nao taa zilipowaka, ila huu ulikuwa mkubwa zaidi.

Alhamisi na Ijumaa yeye na Fundi waliandika upya. Safari hii kompyuta iliuliza maswali kwa maneno ya mama mwenyewe, moja moja, kwa herufi kubwa. Vibonye viwili tu ndivyo vilivyotumika: kimoja walikibandika karatasi ya kijani, Ndiyo, kingine nyekundu, Bado. Mama alijaribu peke yake, na Fundi akamwamuru Triza akalie mikono yake. Mama alikwama kwenye neno "thibitisha". Wakalifuta. Akakwama tena mahali kompyuta iliponyamaza muda mrefu, akadhani imezimika. Wakaiandikia iseme, "Subiri, maji yanapanda." Kila mama alipokwama, Triza aliandika daftarini, na hakusema "hapa" hata mara moja. Ilimuuma, lakini alivumilia.

Jumamosi, Mzee Abdiqadir alikuja na Batulo, akasimama nyuma ya mama akiwa amefunga mikono kifuani. Triza alibaki mlangoni.

Kioo kiliuliza: "Umegonga sufuria?"

Mzee alishtuka. "Kompyuta inauliza habari za sufuria?"

Mama alibonyeza nyekundu, akatoka na mwiko wake. Ngo! Ngo! Ngo! Jengo zima likajibu kwa mlio wa mifereji inayofungwa. Alirudi, akabonyeza kijani. Pampu ikanguruma dakika moja, ikanyamaza yenyewe. "Sikiliza bomba. Kuna mfereji unaolia?" Mama aliweka sikio ukutani, akafumba macho.

"Mmoja bado," alisema. "Ghorofa ya nne, upande wa barabara."

"Unajuaje?" Mzee aliuliza.

"Batulo, nenda ukaangalie, mwanangu."

Batulo alipanda mbio. Baada ya muda sauti yake ilisikika kutoka juu, "Kweli! Ni kwa yule mpangaji mwalimu! Nimemwambia afunge!"

Mama alibonyeza kijani, na maji yakapanda hadi paani bila tone kupotea. Alipogeuka, uso ulimng'aa. Mzee Abdiqadir hakuwa akimtazama mama. Alikuwa akilitazama bomba. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta na kujaribu taa mwenyewe, kijani, nyekundu, kijani. Zikawaka.

"Nikuambie ukweli, Mama Triza," alisema polepole. "Tangu iletwe, mimi mwenyewe sikuweza kuiendesha hata siku moja. Niliona haya kusema. Nikataka wewe uweze kile ambacho mimi kilinishinda. Kazi ni yako, na chumba ni chenu."

Mama alimshukuru, akafuta macho kwa ncha ya leso. Halafu alimvuta Triza karibu.

"Umesikia? Ukimfanyia mtu jambo kisha ukasema ameweza, umemnyima kujifunza, na kosa lako mwenyewe umelificha. Siku uliyosema ukweli ndiyo siku kazi hii ilipoanza."

"Nimesikia, mama," Triza alijibu.

"Nina jengo jingine, Barabara ya Nane," Mzee alisema, akiinuka. "Msimamizi wa pale ni mzee, na kompyuta anaiogopa kama simba. Jumatatu, Mama Triza, utakwenda kumfundisha?"

"Nitakwenda, Mzee," mama alisema. "Lakini kwanza nitamwomba anifundishe kazi yake."